Mwongozo kamili wa kusafiri na kulala ndani ya gari dogo: Dodoma na mikoa ya kati

Maelezo mengi ya kuishi ndani ya gari huanza na kitanda na makabati. Kwa mtu anayezunguka Dodoma, Singida na Manyara hapo si pa kuanzia. Hata ukitandika godoro juu ya sakafu tupu ya Noah, utalala. Kinachowarudisha watu nyumbani kabla ya siku zao ni maji kuisha mahali pasipo na bomba, joto la saa nane mchana ndani ya bati, na kufika kijijini gizani bila kujua pa kulaza gari. Kwa hiyo mwongozo huu utakaa sana kwenye mambo hayo matatu, na useremala utapita haraka zaidi.

Kwanza chagua miezi, ndipo uchague gari

Dodoma iko kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia mwisho wa Novemba au Desemba hadi Aprili. Mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 550 hadi 600, na huja kwa vishindo vichache vikali. Kwa gari dogo lisilo la magurudumu manne, miezi mizuri ni Mei hadi Agosti. Barabara za vumbi zimekauka, majani yamelala, usiku unapumua. Juni na Julai beba blanketi la kweli, maana bati la gari halikukingi na baridi ya alfajiri. Agosti na Septemba upepo unavuma na vumbi jekundu linaingia hata ambapo hukujua pana tundu. Oktoba na Novemba joto ni la kuchemsha; kama huna feni, ahirisha.

Ukilazimika kutembea masika, shika sheria moja bila mjadala: usilaze gari kwenye mto wa mchanga wala pembezoni mwa korongo, hata kama pamekauka kabisa na panavutia kwa usafi wake. Mvua inaweza kunyesha milimani mbali na ulipo, wewe unaona nyota, na maji yakakukuta usingizini. Mitelemko nayo ihofie. Mwaka 2023, mwanzoni mwa Desemba, tope na mawe vilishuka kutoka Mlima Hanang vikaifunika sehemu ya mji wa Katesh, mkoani Manyara, na watu wengi wakapoteza maisha. Wenyeji wanajua njia za maji za eneo lao. Waulize.

Gari lipi?

Kwa bajeti ya kawaida chaguo ni tatu. Noah ile ya zamani, yenye injini chini ya viti vya mbele, ndiyo ninayoipendekeza kwa mtu mmoja au wawili. Vipuri vyake vinapatikana hadi Manyoni na Kondoa, kila fundi ameshaifungua, na buti lake hufunguka kwenda juu, hivyo linakuwa paa la jiko lako. Ubaya wake ni joto: ukizima gari, injini inaendelea kupika sakafu kwa muda mrefu. Ndiyo maana ni vizuri kufika unapolala kabla ya saa kumi na moja jioni, ili gari lipoe kabla hujaingia kulala.

Hiace ina nafasi zaidi na, ikiwa ya paa la juu, unaweza kusimama ukiwa umeinama. Inafaa kwa familia yenye mtoto, ila inakunywa mafuta zaidi na kuigeuza kwenye vichochoro vya vijijini ni kazi. Kirikuu, yaani pikapu ndogo, yenye bodi ni rahisi kununua na kuendesha. Kwa mtu mmoja asiyebeba mengi ni gari zuri, lakini kwenye mlima ikiwa na mzigo utaheshimu malori.

Kabla ya kulipa, angalia namba ya chasisi na ya injini kama zinalingana na kadi, kisha angalia kwenye mfumo wa polisi mtandaoni kama gari lina madeni ya faini. Mpeleke fundi wako mwenyewe. Akague rejeta, mkanda wa feni, mipira ya milango na bush za chini, na akunyooshee kidole palipoliwa na kutu. Ukibadilisha rangi au injini baadaye, taarifa ziende TRA (mamlaka ya mapato) ili kadi ifanane na gari, la sivyo kila kizuizi kitakuwa na maswali.

Kuligeuza gari bila kulilemea

Toa viti vya nyuma na uhifadhi bolti zake kwenye chupa yenye jina. Siku ya kuuza gari utazihitaji. Acha viti vya mbele tu kwa abiria. Mtu asilale kitandani gari likitembea, maana breki moja ya ghafla inamtupa mbele.

Sasa pima. Ukitoa viti vya Noah, mtu mrefu kwa kawaida anajinyoosha, lakini pima gari lako wewe mwenyewe, na upime usawa wa kitanda kitakapokuwa, kwa sababu kuta zinaingia ndani kadiri unavyopanda. Fremu itengenezwe kwa mbao za mbili kwa mbili, juu yake plaiwudi ya milimita 12. Mafundi wengi watakushawishi uweke ya milimita 18. Kataa. Shiti moja ya milimita 18 inakaribia kilo 30, na gari hili halikuundwa kubeba kabati la nguo. Hesabu mzigo wako kwa kilo: watu wawili 140, maji lita 60 ni kilo 60, betri 25 hadi 30, mtungi wa gesi wa kilo 6 ukiwa umejaa ni kama 13, kitanda na godoro 40. Umeshakaribia 300 kabla ya nguo, chakula na spea.

Urefu wa kitanda kutoka sakafuni unaamuliwa na madumu, si na mgongo wako. Kitanda kiwe juu kiasi cha dumu kuingia chini likiwa limesimama. Mimi ni mtu wa madumu ya lita 10 badala ya 20: unalinyanyua kwa mkono mmoja, linajipanga vizuri, na likipasuka hujapoteza akiba yote. Godoro la inchi 4 linatosha. Likatwe kufuata umbo la gari, wenye kazi hiyo Dodoma mjini hawakosekani.

Kwa joto, gundisha sponji yenye foili upande mmoja kwenye paa kwanza, kuta baadaye. Paa ndilo linalopigwa na jua. Kwenye vioo kata vipande vya sponji hiyohiyo vinavyoingia kwa kubanwa bila gundi, ili asubuhi uvitoe.

Kisha hewa, na hapa kuna kazi ndogo inayolipa kuliko makabati yote. Nunua mita chache za neti ya mbu, mpe fundi cherehani akukatie vipande vya ukubwa wa mlango pamoja na nyongeza ya kiganja kila upande, na kwenye pindo ashonee sumaku ndogo kila baada ya sentimita 15 hivi. Unashusha kioo, unatupia neti juu ya fremu ya mlango kwa nje, sumaku zinashika bati zenyewe. Fanya hivyo pande mbili zinazotazamana ili upepo upite. Malaria kanda hii ni kidogo kuliko pwani na ziwa, lakini ipo, na mbu mmoja ndani ya nafasi ya futi 4 anatosha kukukesha.

Umeme wa sola

Dodoma hatuna shida ya jua. Kiangazi unapata saa 5 hadi 6 za jua la maana kwa siku. Paneli ya wati 150 itakupa, ukitoa upotevu wa joto na vumbi, kama wati-saa 500. Sasa linganisha na matumizi: taa mbili za LED jioni nzima 40, simu mbili 30, feni ya volti 12 usiku kucha 150, kompyuta saa tatu 150. Jumla 370. Unabaki na akiba. Ukiongeza friji ndogo ya kompresa, peke yake inaweza kula 300 hadi 500 kwa siku, na hesabu yote inavunjika. Maoni yangu ni kwamba kwa safari za kanda ya kati friji haina ulazima. Nyama unanunua siku ya kuila, mboga zipo kila soko, maji ya baridi unanunua dukani.

Betri ya kawaida ya risasi ya saa-ampia 100 usiitumie zaidi ya nusu, yaani wati-saa 600, ukitaka idumu. Unapolala nayo chumba kimoja chukua iliyofungwa kabisa, kwa sababu ya kumwagia maji hutoa hewa inayolipuka wakati inachajiwa. Lithiamu ni nyepesi na unaitumia karibu yote, ila bei yake ni ya juu, na kuiweka karibu na sakafu ya moto ya Noah ni kuifupishia maisha.

Kuunganisha kuna mpangilio. Betri iungwe kwenye kontrola (kifaa kinachosimamia chaji kati ya paneli na betri) kwanza, paneli baadaye. Kutenganisha, anza na paneli. Fyuzi ikae karibu kabisa na ncha ya betri, si mwisho wa waya, kwa kuwa kazi yake ni kuulinda waya wote. Waya uwe mnene. Fundi akikwambia waya wa spika unatosha, badilisha fundi.

Halafu kuna ugomvi ambao hutaukwepa: paneli inataka jua, wewe unataka kivuli. Ukiifunga juu ya paa, utalazimika kuegesha juani na kuoka ndani. Dawa yake ni kutoifunga. Iache huru, na waya wa mita 8 au 10, uegeshe chini ya mwarobaini na paneli uilaze juani ukiigeuza mara mbili kwa siku. Usiku inarudi ndani chini ya godoro, na mwizi hana cha kufungua juu ya paa. Kivuli cha mbuyu kinavutia lakini chunguza kwanza matundu ya shina. Nyuki wanapapenda, nao hawana mazungumzo.

Jiko

Mtungi wa kilo 6 na jiko lake la juu ndio mpango. Pikia nje, chini ya buti lililofunguliwa. Upepo wa Dodoma utakuzimia moto na kumaliza gesi, kwa hiyo kata debe la mafuta ya kula lililoisha upande mmoja, likunjue liwe ukuta wa pande tatu, likinge jiko. Mtungi ukisafiri usimame wima, umefungwa kwa mkanda, valvu imezibwa. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatuama sakafuni, palepale ulipolala, hivyo toboa tundu la kidole gumba kwenye sakafu chini ya mtungi. Kila ukiunga mpira, paka povu la sabuni uone kama linatoa mapovu.

Jiko la mkaa ndani ya gari, hata dakika kumi za kupasha mwili moto usiku wa Julai, ni marufuku. Mkaa hutoa hewa ya sumu ya kaboni monoksidi, isiyo na harufu wala rangi, na haimwamshi mtu. Baridi ikizidi, ongeza blanketi na soksi.

Chakula chenyewe ni raha ya njia hii. Jumamosi mnada wa Msalato, nje kidogo ya mji kwenye barabara ya Kondoa, nyama inachomwa tangu mchana. Singida kuna kuku wa kienyeji na mafuta ya alizeti ya kukamuliwa hapohapo. Mtera kuna samaki wabichi na wa kukaanga kando ya barabara. Mlenda na ugali wa uwele utaupata kwa mama lishe vijijini, na ukila kwake umeokoa gesi, umeokoa maji ya kuoshea sufuria, na umepata mtu wa kukuelekeza.

Maji

Watu wawili wanaoishi kwa uangalifu wanatumia lita 20 hadi 25 kwa siku: 7 au 8 za kunywa, 5 au 6 za kupikia na vyombo, zilizobaki kuoga kwa kikombe na beseni. Madumu sita ya lita 10 yanakupa siku mbili na akiba kidogo. Maana yake ni kwamba kila siku ya pili njia yako lazima ipite kwenye maji. Chora ratiba kwa kufuata hilo kwanza, vivutio baadaye. Utaona safari nyingi zinabadilika hapo.

Kisha ubora. Maji ya visima ya Dodoma mengi ni magumu na yana chumvi. Sabuni haitoi povu, na chai inabadilika ladha. Hayaui, ila mtu aliyezoea maji ya mlimani tumbo linaweza kumsumbua siku mbili. Singida na sehemu za Manyara jambo ni jingine: maji ya visima vingi yana floraidi nyingi, ile inayoacha meno na rangi ya kahawia. Kuchemsha hakuiondoi. Kunachofanya ni kupunguza maji na kuacha floraidi ileile ndani yake. Dawa ya kuua vijidudu nayo haiigusi. Kwa safari ya wiki moja hakuna cha kuogopa, lakini anayekaa miezi, hasa mwenye mtoto mdogo ambaye meno bado yanakua, anunue maji ya kunywa ya dukani na aache ya kisima kwa kuoga na kufua.

Weka alama madumu: mawili yenye mfuniko wa rangi moja ni ya kunywa tu, hayaingii maji mengine hata siku ya shida. Ya kisima au bomba la kijiji yachujwe kwa kitambaa safi, kisha yachemshwe au yatiwe dawa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti.

Vijijini utachota kwenye vituo vya kuchotea maji, unalipa kwa ndoo. Kiangazi foleni inaanza alfajiri na waliopo ni kina mama na watoto waliotembea. Usisogeze gari hadi bombani ukashusha madumu sita. Salimia, weka dumu lako nyuma ya la mwisho, na chota mawili. Yaliyobaki utayapata mji unaofuata, ambako ukijaza mafuta sheli na kuomba maji, mara nyingi hakuna atakayekukatalia.

Choo na kuoga

Mjini na kwenye stendi kuna vyoo vya kulipia. Ukiwa porini chimba shimo la kina cha mkono hadi kiwiko, mbali na maji na njia, ufukie. Karatasi usiiache ikaruka. Ndani ya gari weka ndoo yenye mfuniko wa kubana na unga wa mbao wa kufunikia, kwa dharura ya usiku tu. Kila baada ya siku tatu au nne chukua chumba gesti: unaoga maji mengi, unafua, unachaji kila kitu, unalala umenyoosha miguu. Hiyo haipunguzi heshima ya safari.

Pa kulaza gari

Kanda ya kati haina kambi nyingi rasmi za kupiga hema nje ya hifadhi, hivyo utalala kwa watu. Mpangilio wangu wa kupendelea ni huu: uani kwa gesti ndogo yenye geti, ambako unalipa kiasi kidogo kwa kuegesha na kutumia bafu, kisha uwanja wa parokia au kanisa, ukiomba kwa wahusika, kisha sheli inayofanya kazi usiku kucha na yenye mlinzi. Sheli za barabara kuu ya Manyoni na Singida zina malori yanayokwenda Rwanda na Burundi, yananguruma hadi usiku wa manane. Ziba masikio.

Kijijini, nenda kwa mwenyekiti wa kijiji au mtendaji kabla hujafungua buti. Fika mchana, zima redio, shuka, acha gari pembeni. Maneno hayahitaji mapambo:

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba. Mnatokea wapi?”

“Tunatokea Dodoma mjini, tunakwenda Kondoa. Jua linatuishia njiani. Tunaomba utuonyeshe mahali pa kulaza gari hadi asubuhi. Tunalala humohumo ndani, hatuhitaji chumba.”

Atauliza mko wangapi, ataomba kitambulisho, pengine ataandika majina kwenye daftari. Mpe bila kusitasita; anapofanya hivyo ndipo usiku wako unapokuwa salama, kwa kuwa sasa ninyi ni wageni wa kijiji na si gari lisilojulikana. Vijana wa ulinzi wataambiwa. Pengine utaelekezwa uwanja wa ofisi au shule siku za likizo. Kwa Wagogo anza na “Mbukwenyi” kama wako wengi na uone nyuso zinavyobadilika. Asubuhi pita kuaga. Kama unataka kushukuru, sukari au majani ya chai yanapokelewa vizuri kuliko noti iliyokunjwa.

Usilale ndani ya pori la akiba bila kibali. Swagaswaga upande wa Kondoa na Chemba, Rungwa, Kizigo na Muhesi upande wa Manyoni yako chini ya TAWA (mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori), na kibali kinaombwa kabla ya kuingia. Huko kuna mbung'o (ndorobo) wanaong'ata hata kupitia shati, na tembo wasiopenda kushtukizwa. Nje ya mapori pia fisi wapo. Mabaki ya nyama na sufuria chafu viingie ndani au vioshwe. Viatu vilivyolala nje vikung'ute, nge wanapenda giza lake.

Barabarani

Vijijini mwendo ni kilomita 50 kwa saa na tochi ya polisi ya kupima mwendo ipo, hasa pale kibao kimejificha nyuma ya mti. Faini inalipwa kwa namba ya malipo ya serikali, si mkononi. Kizima moto kiwe hai, pembetatu mbili za kuakisi mwanga ziwepo, bima iwe inasoma.

Usiendeshe jioni ya saa kumi na mbili hadi usiku. Huo ndio muda ng'ombe na mbuzi wanarudi bomani, wanavuka barabara kwa makundi, na mchungaji mtoto yuko nyuma kabisa.

Ukitoka lami, adui mkubwa ni miiba ya migunga kuliko mashimo. Angalia ardhi kabla ya kuegesha chini ya mti. Beba pampu ya volti 12, vifaa vya kuziba pancha, spea iliyojaa upepo, na kipande cha ubao cha kuweka chini ya jeki, kwa kuwa kwenye mchanga jeki inazama na gari linabaki palepale. Ukinasa mchangani usikanyage mafuta. Punguza upepo wa matairi hadi yalale kidogo, fukua mbele ya magurudumu, ondoka taratibu, kisha jaza tena. Udongo mweusi wa mbuga ukilowa, kama kule Bahi, geuza gari. Hakuna ujanja wa Noah hapo.

Kwenye kupanda tazama mshale wa joto. Barabara ya Manyoni inapanda ukingo wa Bonde la Ufa baada ya Bahi, na ile ya Iringa ina Nyang'oro baada ya Mtera. Zima kiyoyozi, tumia gia ndogo, na gari likichemsha egesha, usifungue mfuniko wa rejeta mpaka upoe. Mvuke wake unababua uso.

Mzunguko wa kuanzia

Ukitaka kujaribu bila kuhangaika, zunguka Dodoma, Kondoa, Babati, Katesh, Singida, Manyoni, Bahi na kurudi Dodoma. Ni kama kilomita 660, na njia kuu yote ni lami. Jipe siku saba au nane.

Siku ya kwanza jaza maji ya kunywa Dodoma, ulale Kondoa. Siku ya pili nenda Kolo, kando ya barabara kuu, uripoti ofisi ya eneo hilo la kale, ulipe na upewe mwongozaji wa kukupeleka kwenye michoro ya miambani iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006. Njia ya kupanda ni mbovu. Uliza kama gari lako litafika au muliache chini mkatembee. Baadhi ya miamba bado ni mahali pa matambiko ya wenyeji, hivyo usiguse wala kumwagia michoro maji ili ing'ae. Ukiwa huko utaona pia makorongo makubwa ya vilima vya Irangi, yaliyofanya mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) uanzishwe mwaka 1973 na mifugo kuhamishwa mwishoni mwa muongo huo. Miti imerudi.

Babati kuna ziwa lenye viboko. Usiegeshe ukingoni usiku, maana viboko hupanda kula majani. Kutoka hapo Mlima Hanang, mita 3,420, unakukaa mkono wa kulia hadi Katesh. Kuupanda ni siku nzima na unahitaji mwongozaji. Singida kaa siku mbili, kati ya maziwa ya Singidani na Kindai na miamba iliyorundikana. Hapa ndipo maji ya kunywa yanunuliwe dukani. Rudi kupitia Manyoni, ununue asali, ushuke bondeni hadi Bahi, na kama ni msimu wa mavuno beba mchele.

Gharama

Gawa kilomita kwa 9, uongeze lita 10 za kuzunguka, uzidishe kwa bei kikomo ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji), inayotangazwa kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Kwa mzunguko huu ni kama lita 83. Jaza tangi kila mji wa wilaya bila kungoja taa, na mafuta ya chupa kando ya barabara yawe ya kufikia sheli tu. Weka laini mbili za kampuni tofauti, moja ikipotea bondeni nyingine inashika, na fedha taslimu za siku mbili, kwa sababu wakala wa kijijini anaweza kukosa salio la kukutolea.

Ukirudi nyumbani mwaga madumu yote, yakauke wazi. Ondoa neti, kung'uta vumbi, safisha kichujio cha hewa cha injini, ambacho baada ya Kondoa kitakuwa chekundu. Chomoa kila kinachokula umeme, na paneli iache imeunganishwa sehemu yenye jua. Betri ya risasi ikilala wiki kadhaa ikiwa nusu, safari ijayo utaanza kwa kununua nyingine.